Hofu ya Mawimbi: Kutoka Rada hadi Ruta ya Sebuleni

Hofu ya kuishi karibu na ruta ya Wi-Fi ni kongwe kuliko ruta yenyewe. Maumivu ya kichwa, uchovu, kukosa usingizi, moyo kwenda mbio: malalamiko haya yanayosikika leo yaliandikwa na madaktari wa Kisovieti waliokuwa wakiwachunguza mafundi wa rada na wafanyakazi wa viwandani, miongo kadhaa kabla intaneti haijaingia majumbani. Kifaa kinachoshukiwa ndicho kilichobadilika, na kila kilipobadilika kilikuwa na nguvu ndogo zaidi lakini kilisogea karibu zaidi na kitanda.

Mwanzoni mawimbi ya redio yalipokewa kama dawa. Heinrich Hertz aliyathibitisha mjini Karlsruhe, Ujerumani, mwishoni mwa miaka ya 1880, na karne ilikuwa haijaisha wakati tabibu Mfaransa Arsène d'Arsonval alipoanza kuwatibu watu kwa umeme wa masafa ya juu. Baadaye hospitali za Ulaya na Marekani zilinunua mashine za kupasha joto misuli na viungo kwa njia hiyo, na wagonjwa walizifuata kwa hiari yao.

Mashaka yaliletwa na rada, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Katika jeshi la majini la Marekani ulizuka uvumi kwamba mitambo hiyo husababisha upara na utasa. Uchunguzi wa kitabibu uliofanyiwa wafanyakazi wa jeshi hilo, ukachapishwa mwaka 1943, haukuona dalili hizo. Hata hivyo, kufikia mwaka 1948 watafiti walikuwa wameonyesha kwamba wanyama wa maabara wakipigwa na mawimbi makali hupata mtoto wa jicho. Mwaka 1953 mwanafizikia Herman Schwan alipendekeza kikomo cha miliwati 10 kwa kila sentimita ya mraba, akikadiria kiasi cha joto ambacho mwili unaweza kukiondoa bila kudhurika. Wasovieti waliweka kikomo chao mwishoni mwa miaka ya 1950, nacho kilikuwa chini mara 1,000. Wamarekani walihesabu joto. Wasovieti walihesabu pia malalamiko ya wafanyakazi. Ubishi mwingi wa leo bado unazunguka tofauti hiyo.

Kisa kilichoikoleza tofauti hiyo kilitokea Moscow. Tangu miaka ya 1950 ubalozi wa Marekani jijini humo ulikuwa ukielekezewa mawimbi ya maikro kutoka jengo la jirani. Nguvu yake ilikuwa ndogo sana kwa kipimo cha Marekani, lakini si kwa kipimo cha wenyeji. Washington ilijua, ikaanzisha utafiti wa siri uliopewa jina la Pandora mwaka 1965, na wafanyakazi wenyewe hawakuelezwa mpaka mwaka 1976, madirisha yalipowekewa nyavu za chuma za kuzuia mawimbi. Mwaka 1978 timu ya Abraham Lilienfeld wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins ililinganisha afya ya watumishi zaidi ya 1,800 waliokaa Moscow na wenzao wa balozi nyingine za Ulaya Mashariki, na haikupata ushahidi kwamba mawimbi yale yamewadhuru. Matokeo hayo hayakuwatuliza wengi, na si ajabu. Serikali iliyowaficha watu wake jambo kwa zaidi ya miaka kumi isingeaminika kirahisi siku ilipowaambia kwamba jambo lenyewe halina neno.

Wakati huo mawimbi ya maikro yalikuwa tayari yameingia jikoni. Percy Spencer, fundi wa kampuni ya Raytheon, aligundua mwaka 1945 kwamba yanaweza kupika chakula, na mwaka 1947 mikutano ya kimataifa ya mawasiliano iliyofanyika Atlantic City ilitenga masafa ya pekee kwa mashine za aina hiyo, yakiwamo yanayozunguka gigahezi 2.45. Kwa kuwa oveni zilikuwa zikiyachafua, masafa hayo yalionekana hayafai kwa mawasiliano ya maana. Ndiyo maana mwaka 1985 Tume ya Mawasiliano ya Marekani iliruhusu vifaa vidogo vya redio kuyatumia bila leseni. Kiwango cha kwanza cha mtandao usiotumia waya kilitoka mwaka 1997, na jina Wi-Fi likafuata mwaka 1999. Ruta ilirithi masafa ya oveni, ikarithi na sifa yake mbaya. Oveni hutumia mamia ya wati ndani ya sanduku la chuma. Ruta ya nyumbani katika masafa hayo, kwa kanuni za Ulaya, haizidi miliwati 100.

Simu za mkononi ndizo zilizoandaa uwanja. Mwaka 2000 kamati ya Sir William Stewart nchini Uingereza ilisema ushahidi wa madhara haukuonekana, ila watoto wasihimizwe kupiga simu zisizo za lazima. Shule zilipoanza kufunga Wi-Fi, hofu ile ikahamia madarasani. Mwaka 2007 kipindi cha Panorama cha BBC kiliishuku Wi-Fi ya shuleni, na baadaye BBC yenyewe ikakubali malalamiko kwamba kipindi hicho kilipotosha. Wakala wa Kinga ya Afya wa Uingereza ulisema mtu akikaa mwaka mzima mahali penye Wi-Fi, hupata mawimbi sawa na ya kuongea kwa simu dakika 20.

Maabara nazo zilikuwa zikiyapima malalamiko. Mapitio ya mwaka 2005 ya majaribio 31 yalionyesha kwamba watu wanaojiona wepesi kudhurika hawakuweza kutambua ni lini mawimbi yamewashwa na lini yamezimwa. Jaribio lililochapishwa mwaka 2013 lilikwenda mbali zaidi. Washiriki 147 waligawanywa. Baadhi walionyeshwa ripoti ya televisheni kuhusu madhara ya Wi-Fi, wengine filamu ya mambo mengine. Kisha wote waliambiwa wanapigwa na mawimbi ya Wi-Fi kwa dakika 15, ilhali hapakuwa na wimbi lolote. Zaidi ya nusu walihisi dalili, na ile ripoti ilizizidisha kwa waliokuwa na wasiwasi tangu awali. Maumivu yao yalikuwa ya kweli. Chanzo ndicho hakikuwa wimbi.

Mwezi Mei 2011 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliyaweka mawimbi ya redio katika kundi 2B, la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Sababu kubwa ilikuwa tafiti za watumiaji wakubwa wa simu, si za ruta. Wakati huo kahawa nayo ilikuwamo katika kundi hilo, na iliondolewa mwaka 2016 tu. Ufaransa ilichagua tahadhari: sheria iliyopitishwa Januari 2015 ilipiga marufuku Wi-Fi katika vyumba vya kulelea watoto wa chini ya miaka mitatu, na ikataka izimwe katika shule za msingi isipotumika kufundishia. Mwaka 2020, katikati ya janga la korona, minara ya simu ilichomwa moto Uingereza kwa uvumi kwamba 5G ndiyo iliyoleta ugonjwa. Mapitio yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani, yakatoka mwaka 2024, hayakuona uhusiano kati ya simu za mkononi na saratani ya ubongo.

Kikomo kinachofuatwa na nchi nyingi kwa masafa ya Wi-Fi ni wati 10 kwa kila mita ya mraba. Ruta ya miliwati 100, hata kama ingerusha mawimbi bila kupumzika, humfikishia aliye umbali wa mita moja chini ya sehemu moja ya elfu ya kiasi hicho. Anayetaka kupunguza zaidi hahitaji kununua kibandiko wala pazia maalumu la kuzuia mawimbi: kuitoa ruta sentimita 20 kutoka kichwani na kuiweka mita moja hupunguza mawimbi yanayomfikia mara 25.