Kuona vizuri kesho, kuona vizuri miaka kumi

Wandugu wa promo, wengi wetu tulitoka chuo na diploma ku mkono, miwani ku macho. Siku hizi ukisema miwani inakuchokesha, mutu anakujibu: «Enda wakupige leza, kesho yake unasoma hata plake ya gari iko mbali.» Ni kweli. Lakini historia iko na swali ingine: kiisha miaka kumi, utaona namna gani?

Tuanzie Japani. Miaka ya 1940, munganga Sato alikata konea, ile ngozi safi ya mbele ya jicho, hata upande wake wa ndani. Wagonjwa walifurahi. Kiisha miaka kama 20, konea za wengi zikavimba maji na kuwa na ukungu. Wakati ule hawakujua kama chembe za ndani njo zinafukuza maji, na zikikufa hazioti tena.

Moscow, miaka ya 1970, Fyodorov akakata upande wa mbele tu, mistari sawa njiti za gurudumu la kinga. Wamarekani wakafuata wagonjwa wa namna hiyo miaka 10: macho 43 kwa 100 yalisonga dioptri 1 ao zaidi, kuelekea kushindwa kuona karibu. Mwaka 1996 Beck Weathers, munganga Mmarekani aliyekatwa vile, akakosa kuona juu ya mlima Everest, sababu konea ilibadilika umbo kule hewa iko kidogo.

Leza ilileta jibu. Mwaka 1983 Trokel alionyesha, ku macho ya ng'ombe, kama leza ya ekzima inakwangua konea bila kuiunguza. Mwaka 1988 Marguerite McDonald akaitumia ku jicho la mutu mwenye kuona. Mwaka 1995 Marekani ikaruhusu. Macho yakatulia zaidi. Lakini mwanzoni sehemu iliyokwanguliwa ilikuwa ndogo. Usiku mboni ikifunguka kuipita, kila taa ya gari inazungukwa na duara la mwanga. Mchana mutu anasoma 10 kwa 10, usiku anaogopa kuendesha. Kumbe herufi za ku ukuta hazisemi yote!

Basi, mbele ya kutoa franga, uliza: namba ya miwani yangu imetulia mwaka muzima? Wamepima unene na umbo la konea? Na mboni yangu ya usiku? Ujue pia, kuelekea miaka 40, miwani ya kusomea itakuja tu, leza ao bila leza.

Munganga anayekuonyesha furaha ya kesho tu, muulize habari ya wagonjwa wake wa zamani.