Guanfasini

Guanfasini ni dawa ya kumeza inayotibu ADHD, hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kutulia na kuzingatia jambo. Ilianza kama dawa ya presha, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1986. Kidonge chake kinachoyeyuka polepole kiliidhinishwa huko mwaka 2009 kwa wenye ADHD wa miaka 6 hadi 17. Huamsha vipokezi vya alfa-2A katika sehemu ya mbele ya ubongo.

Dawa za ADHD za kuchangamsha, kama methilfenidati, huweza kupandisha presha na kuongeza mapigo ya moyo. Atomoksetini, dawa nyingine ya ADHD, si ya kuchangamsha, lakini nayo huweza kufanya hivyo. Guanfasini hushusha vyote viwili, jambo ambalo lina hatari zake: usingizi, kizunguzungu, moyo kupiga polepole mno, hata kuzirai. Kwa kawaida dozi huanza na miligramu 1 kwa siku. Kidonge humezwa kizima, wala si pamoja na mlo wenye mafuta mengi, ambao huzidisha kiwango cha dawa kinachoingia mwilini. Kuiacha ghafla huweza kurusha presha juu. Hivyo dozi hupunguzwa hatua kwa hatua chini ya uangalizi wa daktari.