Msiba wa Ngorongoro na Maana Yake

Apitaye Karatu akapanda hata ukingo wa Ngorongoro huona makundi ya wanyama, akamsifu Muumba. Lakini Machi 1892 hapo palikuwa pahali pa kilio. Msafiri wa Kiaustria, Oscar Baumann, alifika na msafara uliotoka Tanga, akawakuta Wamasai wamebaki magofu ya watu. Sotoka ilikuwa imekwisha fyeka ng'ombe wao, na ndui ikawaandama wenyewe. Baumann aliandika kuwa wazazi waliwatoa watoto wao wapate kipande cha nyama. Alikisia kuwa thuluthi mbili ya Wamasai wamekufa.

Wamasai waliziita zama hizo Emutai, yaani kumalizika. Wakatafuta maana yake. Wengi wakakumbuka utabiri uliosimuliwa wa laiboni wao mkuu, Mbatiani. Leo yajulikana kuwa sotoka iliingia Eritrea mwishoni mwa miaka ya 1880 pamoja na ng'ombe walioletwa na Wataliana, ikateremka hata huku. Basi mtoto wa mfugaji alikosa nini?

Sisi twaamini kadari. Hata hivyo, tauni ilipozuka Sham mwaka 639, Sayyidna Umar alishauriana na masahaba, akawarudisha watu wake wasiangamie. Kuamini kadari hakukumzuia kuokoa roho za watu.

Hekima ya msiba aijua Mola; wajibu wa aliyeshiba twaujua sote. Ndugu msomaji, ukimwona jirani kafikwa na balaa, usimtafutie dhambi, mtafutie chakula.