Herufi za Kiafrika Zilizozaliwa Ujerumani

Mwaka wa pili baada ya kuacha chuo, nilipata kibarua cha kutengeneza kibao cha nyumba ya wageni huko Diani. Mwenyewe alitaka kitu kimoja tu: "Weka zile herufi za Kiafrika."

Sikuuliza ni zipi. Ukikaa Kombani, kwenye njia panda ya kwenda Kwale, utaziona ubavuni mwa magari ya watalii yanayotoka feri: nene, zote kubwa, kona kali, kama zimekatwa kwa panga.

Usiku nikaitafuta fonti yenyewe nipakue. Inaitwa Neuland. Kumbe ni ya Mjerumani! Rudolf Koch aliitoa mwaka 1923 kupitia kiwanda cha herufi cha Klingspor, mjini Offenbach. Hakuichora kwanza kwenye karatasi. Alichonga moja kwa moja kwenye chuma, ndiyo maana herufi ileile hubadilika kidogo saizi ikibadilika. Haina herufi ndogo wala vijimkia pembeni. Koch alitaka uzito wa maandishi meusi ya kale ya Kijerumani. Afrika haikuwa kwenye hesabu.

Sasa ilitufikiaje? Wachapishaji na watangazaji wa mbali waliona alama za kisu, wakasoma "pori". Mwaka 1993 filamu ya Jurassic Park ikaiweka kwenye nembo. Dinosaria na sisi, mwandiko mmoja! Hata Lithos, fonti nyingine inayopendwa kwa mambo ya safari, Carol Twombly aliitoa mwaka 1989 kwa kufuata maandishi ya mawe ya Wagiriki wa kale.

Nilimwonyesha bibi picha ya kibao. Akakodoa macho: "Mbona herufi zagombana?"

Alikuwa amejifunga leso. Nikaangalia maneno yaliyo juu ya pindo: herufi kubwa, nene, zimesimama wima bila madoido. Zamani maneno ya leso yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ndipo zikaja hizi za Kilatini. Mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, yule wa "Mali ya Abdulla", ndiye anayetajwa sana kwa kuanzisha mtindo wa kuweka maneno. Bibi alisoma madrasa tu. Herufi za Kilatini alizifahamu kwa leso. Kwa herufi hizo watu wameposana, wamezikana, wamesutana bila kufungua mdomo. Lakini hakuna mteja aliyewahi kuniambia hizo ndizo za Kiafrika.

Nikatengeneza vibao viwili, kimoja cha Koch, kimoja cha leso, nikavituma. Jibu likaja upesi: "Hiki cha pili ni kama tangazo la duka. Weka kile cha Kiafrika."

Nikaweka. Kodi ilikuwa imefika.

Kile cha pili sikukifuta. Mama anayeuza mahamri hapa stendi amekiona kwenye simu yangu, akauliza bei. Nimemwambia alete jina tu.