Hesabu Iliyoijaza Grosse Île

Mwaka 1992 idara ya hifadhi za taifa ya Kanada ilipotaka kukitangaza kisiwa cha Grosse Île kuwa kielelezo cha nchi ya ukaribisho na matumaini, wazao wa Waayalandi walikuja juu. Walikuwa na haki. Kisiwa hicho cha Mto St. Lawrence, kituo cha karantini tangu 1832, kilizika watu zaidi ya 5,000 katika mwaka 1847 peke yake.

Wengi walioandika habari zake wanailaumu homa ya chawa. Homa iliua kweli, lakini anayeishia hapo anawasitiri waliowapakia watu wale. Viazi vilianza kuoza Ayalandi mwaka 1845, wapangaji wakakosa kodi. Huko Strokestown, msimamizi wa mashamba ya Meja Denis Mahon alipiga hesabu: kuwasafirisha hadi Kanada kungegharimu takriban nusu ya kuwatunza mwaka mmoja kwenye nyumba ya maskini. Basi watu 1,490 wakatembea kilomita 165 hadi Dublin, wakavushwa Liverpool, wakashindiliwa kwenye ngama za merikebu zilizoleta mbao kutoka Kanada. Merikebu hizo zingerudi tupu. Abiria wakawa kama farumi. Merikebu ya Virginius iliondoka na watu 476, na 158 wakafia baharini.

Mjane Mary Tighe wa Strokestown alipanda merikebu nyingine, Naomi, pamoja na kaka yake na watoto watano. Walionusurika ni wawili tu, Daniel wa miaka 12 na Catherine wa miaka 9. Familia ya wakulima wa Lotbinière, wasemaji wa Kifaransa, ilimtaka mvulana peke yake. Ndugu hao waling'ang'aniana hadi wakachukuliwa wote, tena wakaachiwa jina la baba yao.

Huo ndio ukaribisho ninaoukubali: wa wakulima, na wa mapadri waliokufa kwa homa ya wagonjwa wao. Serikali, je? Daktari George Douglas, mkuu wa kituo, aliomba pauni 3,000 kabla msimu wa safari haujaanza, akapewa 300. Mwisho wa Mei merikebu zipatazo 40 zilikuwa zimetia nanga kwa foleni, wazima na wagonjwa wakilala pamoja.

Mahon aliuawa kwa risasi Novemba 1847. Msalaba mkubwa ukasimamishwa kisiwani 1909, karantini ikafungwa 1937. Mwaka 1996 serikali ikakubali hatimaye kuliweka neno Waayalandi katika jina rasmi la mahali hapo.