Jezi, Simulizi na Hakimiliki: Sanaa ya Wenyeji Asilia katika Michezo ya Australia

Historia ya michoro ya Waaborijini, yaani wenyeji asilia wa bara la Australia, katika mavazi ya michezo ni kwa sehemu kubwa historia ya mamlaka: ni nani aliyekuwa na haki ya kuuvisha mwili wa mchezaji na kueleza maana ya alichovaa. Timu ya kwanza ya kriketi kutoka Australia kuzuru Uingereza, mwaka 1868, iliundwa na wachezaji Waaborijini, wengi wao kutoka magharibi mwa Victoria, chini ya nahodha Mwingereza, Charles Lawrence. Walivishwa mashati mekundu na kila mmoja akapewa rangi yake ili watazamaji wamtambue kwa urahisi, kama vile walivyopachikwa majina mepesi kwa ndimi za Waingereza, hata Unaarrimin akajulikana kama Johnny Mullagh na Grongarrong akaitwa Mosquito. Walicheza mechi 47, wakashinda 14, wakafungwa 14 na kutoka sare 19, na baada ya mechi walitakiwa kurusha mikuki na bumerangi mbele ya umati. Mwaka uliofuata koloni la Victoria lilitunga sheria iliyoipa bodi ya serikali uwezo wa kuamua mahali ambapo Waaborijini wangeishi na kufanya kazi, na safari za namna hiyo zikawa karibu haziwezekani.

Zaidi ya karne moja baadaye, tarehe 17 Aprili 1993, Nicky Winmar, mchezaji wa futiboli ya Kiaustralia aliyekuwa ametukanwa na mashabiki wa wapinzani, aliinua jezi yake na kuielekezea kidole ngozi yake. Tendo hilo lilikuja kabla ya jezi zenye michoro, nalo kwa hakika lina uzito kuzishinda nyingi kati ya hizo, kwa kuwa halikuhitaji idhini ya klabu. Ligi ya mchezo huo ilianza kutenga raundi ya kuwaenzi wenyeji asilia mwaka 2007, na tangu 2016 raundi hiyo inaitwa kwa jina la Doug Nicholls, Mwaborijini wa jamii ya Yorta Yorta aliyechezea klabu ya Fitzroy na baadaye kuwa gavana wa Australia Kusini. Katika raundi hiyo klabu huvaa jezi zilizochorwa na wasanii wenyeji, mara nyingi jamaa za wachezaji wenyewe, zikisimulia mito, koo na wanyama wanaohesabiwa kuwa ndugu wa ukoo.

Michoro hiyo haifanani kila mahali. Nukta ambazo wageni huzidhania kuwa alama ya bara zima zilipata umaarufu kupitia wachoraji wa jangwani waliokusanyika Papunya mwaka 1971, ilhali watu wa kusini-mashariki walichonga mistari kwenye ngao na kuichora kwenye majoho ya ngozi za posamu. Kwa hiyo jezi ya mji wa kusini iliyojaa nukta tupu, hata ikipendeza, huenda inasimulia nchi ya watu wengine. Miongoni mwa kazi zilizokwepa kosa hilo ni Walkabout Wickets ya Fiona Clarke, wa uzao wa Grongarrong, inayokumbuka safari ya 1868 na ambayo imetumika kwenye sare za timu ya taifa ya kriketi.

Suala la umiliki wa michoro lilikuwa limekwisha kufika mahakamani kabla ya raundi hizo. Mwaka 1989 mchoraji Johnny Bulun Bulun wa Arnhem Land aliwashtaki waliochapa kazi yake kwenye fulana bila ruhusa, na shauri likamalizwa kwa fidia. Sheria ya hakimiliki, hata hivyo, humtambua msanii mmoja mmoja, wakati katika jamii nyingi za huko mchoro ni amana ya ukoo, na mchoraji ana wajibu wa kuutunza kwa niaba ya wenzake. Bendera ya Waaborijini, iliyobuniwa na Harold Thomas na kupandishwa Adelaide mwaka 1971, ilionyesha upande mwingine wa utata huo: kampuni ya nguo iliyopewa leseni mwaka 2018 ilianza kuwadai wengine waliotumia bendera hiyo kwenye mavazi, ligi ikiwemo, na raundi ya 2020 ikachezwa bila bendera hiyo kuchorwa uwanjani. Januari 2022 serikali ya shirikisho ilinunua hakimiliki kwa makubaliano ya dola milioni 20 za Australia, na bendera ikawa huru kuwekwa kwenye jezi yoyote, ingawa michoro ya koo bado haipaswi kuchapwa bila ruhusa ya wazee wake.