Ubainishaji wa Molekuli Moja kwa Ufyonzaji wa Nuru

Istilahi hii ni ndefu, lakini kila neno lina kazi. "Ugunduzi" umeachwa, ukachaguliwa "ubainishaji", kwa sababu hapa hakuna kipya kinachogunduliwa. Molekuli inajulikana, kazi ni kuibaini katikati ya kelele za vipimo. "Ufyonzaji" ni neno la vitabu vya sayansi, ingawa wapo wanaopendelea "usharabu". Molekuli ikikutana na fotoni yenye nishati inayolingana na pengo kati ya ngazi zake mbili za nishati, huweza kuichukua nzima. Kwa hiyo anayepima ufyonzaji hupima upungufu: nuru iliyoingia, toa iliyotoka.

Taabu iko kwenye neno "moja". Katika joto la chumba, hata leza ikikusanywa kwenye doa dogo kabisa, molekuli moja ya rangi hunasa takriban fotoni moja katika kila milioni, au pungufu ya hapo. Mwanga wa leza wenyewe huyumba zaidi ya hapo.

Mwaka 1989 W. E. Moerner na Lothar Kador, katika maabara ya IBM mjini San Jose, California, walitumia baridi. Walichukua fuwele yenye molekuli chache za pentasini, wakaipoza kwa heliamu ya kimiminika hadi nyuzi 271 hivi za Selsiasi chini ya sifuri. Mitetemo ikitulia, kila molekuli hufyonza ukanda mwembamba sana wa masafa, na uwezo wake wa kunasa fotoni za masafa hayo hupanda mno. Tena, kila moja ina masafa yake kidogo, kulingana na mahali ilipokaa ndani ya fuwele. Leza ikirekebishwa polepole, huipata moja peke yake.

Mwaka 1990 Michel Orrit na Jacques Bernard, huko Bordeaux, waliibaini kwa fluoresensi, yaani nuru inayotolewa na molekuli baada ya kufyonza. Nuru hiyo hupimwa penye giza, hivyo ni rahisi zaidi kuiona, na wengi wakaifuata njia hiyo. Moerner alikuwa miongoni mwa watatu waliopewa Nobeli ya Kemia ya 2014.

Hata hivyo, molekuli nyingi hufyonza bila kung'aa. Mwaka 2010 makundi matatu yalibaini molekuli moja kwa ufyonzaji katika joto la chumba. Mojawapo, kundi la Orrit, wakati huo likiwa Leiden, Uholanzi, lilifuata joto: molekuli hupasha kimiminika kinachoizunguka, na leza ya pili huhisi badiliko hilo.

Ndiyo maana mfasiri asilidondoshe neno "ufyonzaji". Fluoresensi hudai molekuli inayong'aa. Ufyonzaji hudai inayonasa nuru tu.